Lishe ya mgonjwa wa saratani iandikwe kama dawa

Mgonjwa wa saratani akiruhusiwa kutoka hospitali kubwa ya Dar es Salaam na kurudi kwao Tingi, Somanga au Kilwa Kivinje, wilayani Kilwa, hufika nyumbani na mfuko wa dawa na karatasi ya ruhusa. Kwenye karatasi hiyo kila kidonge kina kipimo chake: kimezwe mara ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi. Ukifika kwenye chakula, kipimo hupotea. Mara nyingi anayemuuguza huambiwa kwa mdomo tu kwamba mgonjwa ale vizuri, au atafutiwe yale maziwa ya kopo ya wagonjwa kwenye duka la dawa. Familia inajikamua, kopo la kwanza linanunuliwa, linaisha, la pili halionekani. Au linanunuliwa lakini mgonjwa analikinai siku ya tatu, likabaki juu ya kabati. Baada ya mwezi nguo zinampwaya, na lawama zote zinamwangukia yeye: mkaidi, hataki kula, amekata tamaa. Hoja yangu ni kwamba lawama hiyo haimstahili. Mgonjwa anayeacha lishe ya nyongeza baada ya upasuaji kwa kawaida ameachishwa na mpango mbovu, usio na kipimo, usiojua jiko la nyumbani kwake lina nini, na usio na mtu wa kuufuatilia. Mambo hayo matatu yanarekebishika, na mengi yake yanarekebishika hapa hapa Kilwa.

Tuanze na uzito wa jambo lenyewe. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yanaonyesha kwamba Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kila mwaka, na makadirio ya mwaka 2020 yaliweka vifo karibu 27,000. Wengi hufika hospitali ugonjwa umekwishakomaa, yaani mwili umeshaliwa kabla kisu hakijagusa ngozi. Upasuaji wenyewe huongeza mahitaji: kidonda kinahitaji protini ili kifunge, kinga ya mwili inahitaji protini ili ipambane na usaha, na misuli ndiyo ghala la kwanza kubomolewa protini hiyo isipopatikana mdomoni. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya mfuko wa chakula au ya utumbo mpana katika nchi 75, uliona kwamba theluthi moja hivi walikuwa na utapiamlo mkali, na kwamba katika nchi maskini sehemu hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Wenye utapiamlo mkali walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya siku 30. Hapo ndipo ulipo uchungu wa jambo hili. Daktari amefanya kazi yake, mshono umekaa, na bado mtu anapotea kwa kukosa chakula ambacho hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Msomaji makini atauliza kama lishe ya nyongeza kweli inaokoa maisha au ni faraja tu. Swali ni la haki na jibu lake lisiongezwe chumvi. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa wa saratani wenye utapiamlo, uliona kwamba ushauri wa chakula na vinywaji vya lishe huongeza kiasi wanachokula na kuboresha baadhi ya mambo ya hali zao za kila siku, lakini haukupata ushahidi kwamba vinapunguza vifo. Miaka saba baadaye jaribio la Uswisi lilitoa picha yenye matumaini zaidi. Wagonjwa 2,088 wa wodi za kawaida, waliokuwa hatarini kwa utapiamlo, waligawanywa makundi mawili: kundi moja likapata chakula cha kawaida cha hospitali, jingine likapangiwa lengo la kalori na protini kwa kila mtu na kusaidiwa kulifikia. Ndani ya siku 30 walikufa asilimia 10 katika kundi la kwanza na asilimia 7 katika la pili. Hao hawakuwa wagonjwa wa saratani peke yao wala wa upasuaji, kwa hiyo tusiseme kwamba jambo limethibitishwa kwa kila mtu. Lakini linganisha majaribio hayo uone tofauti iko wapi. Huko Uswisi kila mgonjwa aliwekewa lengo lake, na kulikuwa na mtu aliyemsaidia kulifikia. Kumkabidhi mgonjwa kopo na kumwachia alimalize akipenda ni jambo jingine kabisa.

Lazima pia tukubali kwamba si kila mgonjwa anahitaji lishe ya nyongeza. Mwanamke aliyeondolewa titi, akiwa na hamu ya kula na uzito wake umetulia, anahitaji mlo wa kawaida ulio kamili. Wengine wa kundi hilo huongezeka uzito wakati wa matibabu. Aliyekatwa sehemu ya umio au mfuko wa chakula, aliyepasuliwa taya au ulimi, au aliyeondolewa kipande cha utumbo, yuko kwenye hatari nyingine kabisa. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazosumbua sana ukanda huu wa Afrika Mashariki, na mwenye nayo huwa ameshapungua miezi mingi kabla ya kufika hospitali, kwa sababu ugali ulianza kukwama, kisha wali, kisha hata uji. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita, yaani kilo mbili na nusu kwa aliyekuwa na kilo 50, ameshaingia kwenye eneo la hatari. Mizani inayopima hilo ipo kwenye zahanati, hata kama imezoea kupima wajawazito tu.

Sasa tuje kwenye kushindwa kuendelea, ambako ndiko watu wengi wanakoanguka. Sababu zake zinajulikana na nyingi ni za mwilini. Tibakemikali hubadilisha ladha, nyama ikawa na ladha ya chuma na sukari ikawa ya kukirihi. Mionzi hukausha mate. Aliyepunguzwa mfuko wa chakula hushiba kwa vijiko vichache, na akinywa kitu kitamu sana kwa mkupuo moyo humwenda mbio, jasho humtoka na tumbo humwendesha. Mtu wa namna hiyo ukimwekea bilauri nzima ya maziwa mazito mara mbili kwa siku, ataikimbia, na ana haki ya kuikimbia. Tafiti za ufuatiliaji zikilinganishwa zinaonyesha kwamba wagonjwa kwa wastani hunywa karibu asilimia 78 ya lishe ya nyongeza waliyoandikiwa, na kwamba vinywaji vyenye kalori nyingi ndani ya ujazo mdogo hunyweka vizuri zaidi. Jaribio la Uholanzi lililotoka mwaka 2015 lilikwenda hatua moja mbele: badala ya chupa nzima kuwekwa mezani, wauguzi walitoa mililita 62 mara nne kwa siku, pamoja na dawa, na wagonjwa hao walifikia zaidi kiwango kilichokusudiwa kuliko wenzao. Mililita 60 ni ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa, kile kile kinachozungushwa vibarazani kila jioni katika mji wowote wa pwani yetu. Hakuna nyumba ya Kilwa inayohitaji kununua chombo kingine cha kupimia. Kidonge cha asubuhi kiende na kikombe kimoja cha kahawa cha uji mzito, na cha mchana, na cha jioni, na kimoja kabla ya kulala, kisha idadi iongezwe kadiri mwili unavyozoea.

Ndani ya kikombe hicho kuwe na nini? Hapa ndipo tunapodanganyana zaidi, kwa kudhani kwamba uwezo uko kwenye kopo pekee. Chupa ya mililita 200 ya lishe nzito ya dukani ina kalori 300 hivi na protini gramu 12 hivi. Kikombe cha chai cha uji mwepesi wa mahindi, wenye unga vijiko vichache, kina kalori zisizozidi 100 na protini gramu mbili au tatu. Ndiyo maana mgonjwa anayelishwa uji mtupu hukonda huku akinywa. Lakini ongeza ndani ya kikombe kile kile vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, vijiko viwili vya maziwa ya unga na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, na kalori hupita 400, protini ikafika gramu 14 hivi. Mtu mwenye kilo 50 anahitaji kalori kati ya 1,250 na 1,500 kwa siku, na protini kuanzia gramu 50 hadi 75. Vikombe viwili vya namna hiyo, vikigawanywa kwenye vikombe vya kahawa mchana kutwa, vinabeba zaidi ya nusu ya kalori hizo. Kipande cha samaki cha gramu 100 kinaleta protini gramu 20 nyingine, na yai moja gramu sita. Hesabu inaanza kukaa sawa bila kopo hata moja.

Tatizo la uji ni kwamba ukiongeza unga unakuwa ugali, na mgonjwa hawezi kuumeza. Jawabu lake lilipatikana humu humu nchini. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti kutoka Tanzania ulioonyesha kwamba kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kikikorogwa kidogo ndani ya uji mzito hulainisha wanga, uji uliokuwa unasimamisha kijiko ukawa wa kunyweka bila kuongezwa maji. Walikuwa wakifikiria watoto wanaoachishwa ziwa, ambao shida yao ni ile ile: tumbo dogo, mahitaji makubwa. Kijiko kimoja cha kimea cha ulezi kwenye uji uliopoa kidogo kinatosha kuruhusu unga mara mbili ndani ya kikombe kimoja. Maarifa haya yana zaidi ya miaka 40, na wanawake waliopika togwa na pombe za asili waliyajua kabla ya maabara. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia anayemuuguza mgonjwa wa saratani kwamba yanamhusu na yeye.

Mkoa wa Lindi una sababu nyingine ya kutolilia kopo. Kilwa na majirani zake ni wakulima wakubwa wa ufuta, korosho na mbaazi. Ufuta na korosho, gramu 100 kwa gramu 100, vina protini inayokaribia gramu 18 na mafuta mengi yenye nguvu. Ufuta una kalori zaidi ya 550. Mazao haya hupita maghalani, hupigwa mnada na kuondoka kwenda kuliwa mbali, huku kaya iliyoyalima ikimnywesha mgonjwa wake uji wa mahindi na sukari. Sisemi wakulima waache kuuza. Fedha ya ufuta ndiyo inayolipa nauli ya kliniki. Nasema kilo tatu au nne zibaki nyumbani, zikaangwe, zisagwe laini kwa sababu ufuta mzima hupita tumboni bila kusagika, na ziingie kwenye uji na mboga. Dagaa waliokaushwa na kusagwa wanaweza kuingia kwenye supu, na tui la nazi, ambalo kila jiko la pwani linalo, ni kalori tupu. Kuna na hoja ya usalama wa upatikanaji. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara zilitengana na Dar es Salaam. Mpango wa lishe unaotegemea duka la dawa la mjini hukatika siku hiyo hiyo. Karanga na dagaa wa nyumbani havingoji daraja litengenezwe.

Wapo watakaoonya kwamba chakula cha nyumbani kina hatari zake, nao hawakosei. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ambayo yenyewe husababisha saratani ya ini, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga za mgonjwa zichambuliwe moja moja, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu zitupwe, na ukaushaji uwe wa juani hasa. Unga wa lishe unaouzwa mitaani, wenye nafaka saba na kunde mbichi zilizosagwa pamoja, nao una shaka: maharage mabichi hayaivi ndani ya dakika chache za kupika uji, na punje mbovu ikishasagwa haionekani tena. Anayelishwa kwa mrija tumboni anahitaji uangalifu wa ziada, chakula kichujwe, maji yachemshwe, mrija usafishwe kila baada ya mlo, na kwa mtu huyo lishe ya dukani inaweza kuwa njia salama zaidi. Kopo basi lina nafasi yake. Liwe kwa anayelihitaji kweli, na kwa muda uliopangwa, badala ya kuwa ndiyo maana nzima ya lishe.

Pingamizi la pili limeenea zaidi na linatisha zaidi: kwamba ukimlisha mgonjwa unailisha saratani. Wapo wanaokatazwa sukari, nyama, maziwa na mayai kwa wakati mmoja, wakabaki na majani na maji ya ndimu. Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia sukari, kama zinavyotumia seli za ubongo na za moyo. Lakini wataalamu wa lishe ya wagonjwa barani Ulaya, waliopitia ushahidi uliopo, hawakupata uthibitisho kwamba kumlisha mgonjwa vya kutosha kunakuza uvimbe ndani ya mwili wa binadamu. Kumshindisha njaa kunapunguza misuli yake, na misuli hiyo ndiyo inayomfanya aweze kukohoa makohozi, kusimama na kumudu dozi inayofuata. Imani hii ina ndugu yake upande wa pili, nayo ni vidonge vya virutubisho vinavyouzwa kwa bei kubwa kwa ahadi ya kuponya. Huko Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio la vidonge vya beta-karotini na vitamini E. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Kabla ya kuuza mbuzi ili ununue vidonge, muulize daktari.

Kipo kirutubisho kimoja ambacho hakuna uji unaoweza kukifidia. Aliyeondolewa mfuko wote wa chakula hawezi tena kufyonza vitamini B12 kwa njia ya kawaida. Ini huwa na akiba inayoweza kudumu miaka miwili au zaidi, kwa hiyo mgonjwa hujiona mzima, akaacha kliniki, kisha damu ikapungua na nyayo zikaanza kufa ganzi muda mrefu baada ya kila mtu kusahau upasuaji. Dawa yake ni sindano ya mara kwa mara kwa maisha yote, ambayo muuguzi wa zahanati anaweza kuichoma. Mgonjwa huyu haachi kwa ukaidi. Anaacha kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba kujisikia vizuri si ushahidi kwamba haihitaji. Mfano mwingine wa kuacha bila ukaidi ni mwezi wa Ramadhani, ambapo baadhi ya wagonjwa hufunga kwa kuona haya kula mchana mbele ya familia. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na masheikh wa Kilwa wakilisema hilo waziwazi msikitini kabla ya mwezi kuandama, wataokoa watu wengi kuliko kipeperushi chochote.

Inabaki hoja ya fedha na watumishi. Atasema mtu kwamba zahanati yenye muuguzi mmoja au wawili haiwezi kuongezewa mzigo, na kwamba serikali ina watoto wa kulisha kwanza. Ni kweli vipaumbele vya lishe nchini vimewekwa kwa watoto na wajawazito. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe mbele ya Rais mwaka 2022. Sitaki shilingi hiyo iguswe. Lakini vitendea kazi ni vile vile. Halmashauri inaye afisa lishe. Kliniki za CTC zimezoea kupima hali ya lishe ya mtu mzima anayeishi na virusi vya UKIMWI, kwa mizani na utepe wa mkono, na utaratibu huo haubadiliki kwa kuwa ugonjwa ni saratani. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao kazi yao ni kubisha hodi nyumbani. Wagonjwa waliopasuliwa saratani katika kata moja kama Tingi ni wachache, huenda hawajazi vidole vya mikono, na kumtembelea kila mmoja mara moja kwa wiki mbili si mzigo wa kuvunja mgongo. Cha ghali ni kinyume chake: upasuaji uliogharimu mamilioni unaoharibika kwa sababu kidonda hakikufunga, au dozi ya tibakemikali inayoahirishwa kwa sababu mgonjwa hana nguvu, na nauli ya kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 200 ikapotea bure.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza bila sheria mpya. Hospitali inayompasua mgonjwa iandike kwenye karatasi ya ruhusa mistari minne: uzito wake siku ya kutoka, kalori na protini anazohitaji kwa siku, kinywaji cha nyongeza kwa ujazo na saa zake, na uzito ambao ukishuka chini yake arudishwe. Nakala iende hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, na kutoka hapo ifike zahanati ya kata. Afisa lishe wa halmashauri aandae maelekezo ya ukurasa mmoja ya uji wa kimea, karanga, ufuta na dagaa, na anayemuuguza mgonjwa aupike mara moja mbele ya muuguzi kabla ya kuachiwa peke yake. Mhudumu wa jamii apime uzito kila wiki mbili na kuandika sababu za kutonywa, ili kinachobadilishwa kiwe ladha, ujazo au saa, kabla ya kumkemea mgonjwa. Na kanuni za mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, ziiweke lishe ya kitabibu kwa wale wachache wanaolishwa kwa mrija au wasioweza kabisa kula, kwa kipindi kinachothibitishwa na daktari. Hospitali ikishindwa kuandika mistari hiyo minne, mgonjwa au ndugu yake aiulizie kabla hajatoka wodini, kama anavyoulizia kidonge kisichoandikwa saa.